Chuku na Ndumiko: Neno, Tiba na Wakimbiaji wa Kisii

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya akiulizwa maana ya neno chuku, atajibu bila kusita kwamba ni tamathali ya usemi inayotia chumvi jambo kupita kiasi. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya ukweli. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hilohilo kuwa ni pembe ya kuumikia, na kupiga chuku kuwa ni kumtoa mtu damu kwa pembe hiyo. Maana ya pili imeimeza ya kwanza, hata imekuwa kama kwamba tiba yenyewe haikupata kuwako.

Usahaulifu huo ulijidhihirisha mwezi Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Muogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, alionekana akiwa na alama nyekundu za duara mabegani, naye si wa kwanza, maana muogeleaji wa China, Wang Qun, alikuwa amekwisha kuonekana na alama kama hizo Beijing mwaka 2008. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walizipokea alama hizo kuwa ni ufundi mpya wa ng'ambo. Kwa upande mwingine, yapo maneno ya mitaani yanayodai kwamba wakimbiaji wa zamani, hasa wale wa Kisii, walishinda kwa sababu ya tiba hiyohiyo. Makala haya yanakusudia kuyatenga mambo matatu ambayo yamechanganywa: kwamba tiba si ngeni, kwamba neno lake halijakosekana, na kwamba hayo mawili hayatoshi kuwa ushahidi juu ya mabingwa wa jana.

Tuanze na neno. Kiswahili kina kitenzi umika, na chombo chake huitwa ndumiko. Mtu asiyechungua ataona kwamba maneno haya mawili hayana undugu, kwa kuwa moja linaanza kwa irabu na jingine kwa nd. Lakini undugu wao ni wa damu, kama inavyofaa katika mada hii. Shina la kale la Kibantu ni lile lenye maana ya kung'ata, ambalo katika Kiswahili limepoteza konsonanti yake ya mwanzo likawa uma. Baada ya kipashio cha nazali konsonanti hiyo haikupotea, na ndiyo maana ndumiko imeihifadhi. Luganda wanasema okulumika, Kinyarwanda kurumika, na Kishona kurumika vilevile, wote wakiwa na maana ya kutoa damu kwa pembe. Ekegusii, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika fungu la E.42, ina okoroma kwa maana ya kung'ata, nayo ni tawi la shina hilohilo. Kuhusu kiishio -ika, inaelekea si kile cha kutendeka, bali ni kile cha kuweka, tunachokiona katika anika, bandika na pachika. Kuumika basi ni kukiweka kitu mwilini ili king'ate. Lugha zinazotengana kwa maelfu ya maili haziwezi kuafikiana hivyo kwa bahati. Tiba hii ni ya kale sana miongoni mwa Wabantu, na haikungoja dau la Mwarabu wala meli ya Mzungu. Hijama, neno la Kiarabu ambalo sasa linasikika sana Mombasa na Eastleigh, lilikuta pembe imekwisha kubandikwa.

Utendaji wake ulikuwa hivi. Pembe ya ng'ombe au ya mbuzi ilikatwa ncha na kutobolewa tundu dogo. Mganga aliuweka mdomo mpana wa pembe juu ya mahali panapouma, akafyonza hewa kwa lile tundu, kisha akaliziba kwa nta aliyokuwa ameishika kinywani kwa ulimi. Ngozi ilivimba ndani ya pembe. Baada ya muda pembe iliondolewa, mahali pale pakachanjwa kwa wembe, na pembe ikarudishwa ili ivute damu. Palikuwapo pia njia ya kuumika bila kuchanja, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya wanamichezo wa leo, ila wao hutumia vikombe vya kioo au vya plastiki, na hewa huondolewa kwa moto au kwa pampu.

Kisii ni mahali panapostahili kutazamwa kwa makini katika habari ya tiba za mkono. Wenyeji wa nchi hiyo wamesifika katika maandishi ya kitabibu kwa sababu ya ababari, mafundi wa kupasua fuvu la kichwa na kuondoa kipande cha mfupa kwa mtu aliyepigwa na kuumwa kichwa kwa muda mrefu. Madaktari wa Kizungu waliofika huko katika miaka ya 1950 waliwakuta wagonjwa waliopasuliwa zaidi ya mara moja nao wangali hai. Jamii yenye ujuzi wa kiwango hicho haiwezi kudhaniwa kuwa ilitishwa na wembe.

Nyansiongo yenyewe ni mahali pa historia fupi zaidi. Iko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi mpakani na Sotik, ambayo Abagusii waligawiwa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Ni nchi ya juu, yenye baridi asubuhi, na yenye majani ya chai hadi upeo wa macho. Mchuma chai husimama tangu alfajiri akiwa na kikapu mgongoni, na mwenye shamba huchimba, hukata na hubeba. Maumivu ya misuli hapo si habari ya michezo, ni habari ya kila siku. Ikiwa historia ya tiba ya misuli itaandikwa kwa haki, wachumaji hao watakuwa na kurasa nyingi kuliko wakimbiaji, ingawa hakuna aliyewapiga picha.

Hata hivyo, wakimbiaji ndio walioleta sifa. Nyandika Maiyoro alikimbia maili tatu katika uwanja wa White City, London, Julai 1954, akawa wa tatu nyuma ya Fred Green na Chris Chataway, ambao wote wawili walivunja rekodi ya dunia siku hiyo. Katika mashindano hayohayo Lazaro Chepkwony, Mnandi, alilazimika kuacha mbio za maili sita kwa sababu ya msuli. Maiyoro akaendelea hadi nafasi ya saba Melbourne mwaka 1956 na ya sita Roma mwaka 1960, katika mita 5,000. Arere Anentia alipata shaba Cardiff mwaka 1958. Kisha akaja Naftali Temu, aliyempita Ron Clarke wa Australia katika maili sita huko Kingston mwaka 1966, na ambaye baadaye alipewa shamba kulekule Borabu.

Mwezi Oktoba 1968, katika mji wa Meksiko ulio juu sana ya usawa wa bahari, Temu alishinda mita 10,000 tarehe 13 kwa dakika 29:27.4, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Tarehe 17 alipata shaba katika mita 5,000, baada ya kupita mchujo. Tarehe 20 alisimama tena mstarini kukimbia marathoni, akamaliza wa 19. Hapa ndipo swali la misuli linapokuwa swali la kweli. Mtu alikimbiaje hivyo katika siku nane? Anayetafuta jibu katika pembe anapaswa kwanza kuonyesha pembe. Taarifa za mbio hizo zinataja nyakati, nafasi na hewa nyepesi, hazitaji kuumikwa. Malezi ya nyanda za juu, mazoezi ya jeshini na mwili wa kijana wa miaka 23 ni mambo yanayojulikana. Kusema kwamba chuku ndiyo iliyomshindisha Temu ni kupiga chuku, kwa maana ile ya darasani.

Wala tiba yenyewe haijathibitishwa kwa kiasi kinachodaiwa. Alama za duara ni damu iliyovujia chini ya ngozi baada ya mishipa midogo kupasuka; si sumu iliyotolewa, kama wengine wasemavyo. Baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu ya maumivu kwa muda mfupi, lakini ni vigumu kuyapima, kwa kuwa mtu hawezi kuumikwa bila kujua kwamba ameumikwa, na anayetarajia nafuu mara nyingi huipata. Kuhusu kuumika kwa kuchanja, mkimbiaji wa mbio ndefu ana sababu ya pekee ya kusita: damu ndiyo inayobeba hewa yake, na hata ikitoka kidogo haimwongezei kitu. Tena tangu mgonjwa wa kwanza wa ukimwi atambuliwe nchini Kenya mwaka 1984, wembe wa kuchangia si jambo la kuchezewa. Katika kambi za mazoezi kazi ya misuli imebaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wachuaji, na kuchua hakuachi alama ya kupigwa picha.

Linabaki suala la istilahi, na hili ni la wasomaji wa jarida hili kuliko la makocha. Watangazaji wa michezo wanapolazimika kuitaja tiba hii, hujikuta wakizunguka kwa maelezo marefu ya vikombe, au hukimbilia neno la Kiingereza. Chuku haiwezi kurudishwa kwa urahisi. Imekwisha kukaliwa na walimu wa fasihi, na mtangazaji akisema kwamba mwanariadha amepigwa chuku, wasikilizaji watadhani amedanganywa. Hijama inafaa, ila imebeba sunna ya Mtume, na Mwislamu ana haki ya kutaka isitumiwe ovyo kwa kila kikombe cha plastiki. Umika na ndumiko ni huru. Zimo kamusini, zina jamaa zake kutoka Uganda hadi Zimbabwe, na mzungumzaji wa Ekegusii anayejua okoroma ataelezwa maana yake kwa sentensi moja.