Mlama na jukwaa lililohama chuoni kwenda kijijini

Pwani ya kusini, kuanzia Mwabungo hadi Vanga, si ajabu kukuta watu wamezunguka kiwanja wakitazama mchezo wa kuigiza. Vijana waliovaa fulana za aina moja wanaigiza habari za mimba za mapema au dawa za kulevya. Watu wanacheka, wanapiga makofi, kisha mwelekezi anauliza, "Haya, tumejifunza nini?" Jibu linajulikana hata kabla ya swali. Mada ilichaguliwa mjini na maneno yakaandikwa huko huko. Mwanakijiji ameachiwa kazi moja tu: kuitikia.

Mtindo huu una historia, na aliyeupinga mapema kwa hoja na kwa vitendo ni Profesa Penina Muhando Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mlama, mzaliwa wa Morogoro mwaka 1948, wengi wetu tunamjua kwa tamthilia zake: Hatia (1972), Heshima Yangu (1974), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Lakini mwandishi huyu alikuwa pia mwelekezi na mtafiti, na swali lililomsumbua lilihusu wasiofika ukumbini. Tamthilia ikiandikwa kwa Kiswahili safi na kuchezwa chuoni, mkulima wa pamba anafaidika nini?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, sanaa nchini Tanzania zilipewa kazi ya kueneza siasa ya Ujamaa. Ngonjera zilighaniwa shuleni na ngoma zikachezwa mbele ya viongozi. Nia ilikuwa njema, ila sauti ilitoka upande mmoja. Mkulima aliyewahi kucheza ngoma ili aseme yake, sasa alicheza ili asifu ya mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mlama na wenzake, akiwemo Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakasikiliza matatizo yao, na vijana wa pale wakayatungia maonyesho kwa kutumia ngoma za Kisukuma na maigizo. Yakajitokeza masuala ya vijana wasio na kazi na wasichana wa shule kupata mimba. Baada ya onyesho ulifuata mjadala, na mjadala ndio uliokuwa kiini cha kazi. Miaka michache baadaye mbinu hiyo ilipelekwa Msoga, wilayani Bagamoyo. Kitabu chake kuhusu utamaduni na maendeleo, kilichochapishwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1991, kinaeleza safari hiyo.

Hapa pana suala la istilahi. Neno "tamthilia" hutupeleka moja kwa moja kwenye kitabu chenye wahusika na mazungumzo. Mlama aliegemea "sanaa za maonyesho", neno pana linalokumbatia ngoma, utambaji wa hadithi, majigambo na miviga ya jando na unyago. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Ukishika neno la kwanza, kijiji kisicho na kitabu hakina sanaa hii, basi kiletewe. Ukishika la pili, kijiji kinayo tayari, na mgeni ndiye anayepaswa kujifunza.

Kenya nayo ilipitia njia hiyo, kwa machungu zaidi. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walishirikiana na Ngugi wa Thiong'o, Ngugi wa Mirii na mwelekezi Kimani Gecau kuandaa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Mazoezi yalifanywa hadharani, wanakijiji wakarekebisha lugha na nyimbo. Kibali kilifutwa Novemba, na Desemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 serikali ililibomoa jukwaa lenyewe. Mchezo wa kusifu haubomolewi. Huu ulibomolewa kwa sababu wenyewe walisema yao.

Mlama hakuishia vijijini. Mwaka 1996, yeye na Lihamba walianzisha Tuseme katika shule za sekondari Tanzania. Wasichana walichunguza wenyewe vikwazo vya masomo yao, wakaviigiza mbele ya walimu na wenzao. Baadaye Mlama akawa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, shirika la Kiafrika la elimu ya wasichana lenye makao makuu Nairobi, na Tuseme ikaenea katika nchi kadhaa. Jina lenyewe limebeba falsafa yote. Kitenzi kiko katika nafsi ya kwanza wingi: si "waambiwe", ni "tuseme".

Kwale haikosi malighafi. Wadigo wana sengenya, wana kayamba, wana ngano na mafumbo, na wana Kidigo ambacho bibi wa Mwabungo hukitumia anapotaka kusema jambo bila kuumauma maneno. Hata hivyo, michezo mingi ya uhamasishaji humtaka bibi huyo atazame, asitunge. Akiulizwa mwanzo, pengine hataanza na mimba za mapema. Huenda akaanza na shamba lisilo na hati, au na mjukuu aliyeacha shule akashinda ufuoni akiwinda watalii. Na mimba tunayotaka kuizungumzia ikawa ndani ya hadithi hiyo hiyo.

Basi wanaogharamia maonyesho wabadilishe mpangilio: kwanza wakae, wasikilize, halafu ndipo fulana zishonwe, kama bado zitahitajika.