Mpunga na gesi joto: Kwa nini maji ya jaruba yanamhusu mfanyabiashara wa mchele

Mchele ni miongoni mwa vyakula vinavyovuka mipaka ya Afrika Mashariki kila msimu, hasa kutoka Tanzania kwenda Kenya, Rwanda na Uganda. Ni zao pia linalotajwa sana panapozungumzwa gesi joto zitokanazo na kilimo.

Chanzo
Jaruba likijaa maji kwa wiki nyingi, udongo hukosa hewa. Vijidudu vinavyoozesha mabua katika hali hiyo hutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani huongeza joto takriban mara 27 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa.

Njia ya kupunguza
Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), yenye makao yake Ufilipino, imeeneza njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Bomba lenye matundu huchimbiwa jarubani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, mkulima hufungulia tena. Methani yaweza kupungua kwa karibu nusu, na matumizi ya maji kwa hadi asilimia 30.

Tahadhari ni mbili. Mpunga unapochanua usikaushwe, la sivyo mavuno hushuka. Pia urea ikizidi kipimo huongeza oksidi ya naitrasi, gesi kali kuliko methani.

Kwa Kenya, wakulima wa Mwea walianza kujaribu kilimo shadidi, kinachotumia ukaushaji huo, mwaka 2009.

Biashara inaguswaje?
Mpakani mchele hupimwa kwa chenga, unyevu na usafi, si kwa gesi. Faida iko kwenye maji: yakitosha hadi majaruba ya mwisho wa mfereji, mzigo huwa wa uhakika, na anayetumia pampu huokoa dizeli.

Kuhusu biashara ya kaboni, wenye maghala na vyama vya wakulima wawe waangalifu. Mwaka 2024 shirika la Verra, linalosajili miradi hiyo, liliikataa miradi 37 ya mpunga ya China baada ya kuikagua. Kabla ya kutia saini, muulize mwenye mradi mambo matatu: nani anapima gesi, nani analipa gharama za upimaji, na mkulima anapata nini mradi ukikataliwa.