Bwana wa Ham: kabaila aliyeishi kwa vita vya wakubwa

Tarehe 19 Desemba 1475, katika uwanja wa Grève mjini Paris, mzee wa miaka 57 alipiga magoti juu ya jukwaa la mbao na kukatwa kichwa mbele ya umati. Jina lake Louis wa Luxembourg, bwana wa Saint-Pol. Alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Ufaransa. Alikuwa mwanyumba wa mfalme aliyeamuru auawe, maana wake zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na alikuwa mjomba wa malkia aliyeketi wakati huo katika kiti cha enzi cha Uingereza. Kosa lake lilikuwa uhaini, na ushahidi uliomwangamiza ulikuwa barua zake mwenyewe.

Wanaocheza michezo ya kompyuta ya kujenga ngome wanaijua sura ya mtu huyu. Katika Stronghold, mchezo uliotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Firefly Studios ya London, mfalme ametekwa na nchi yake imegawanywa na makabaila wanne wenye vyeo vya Kifaransa na majina ya wanyama: Panya, Nyoka, Nguruwe na Mbwamwitu. Nyoka, ambaye jina lake la ukoo ni Beauregard, ndiye mwenye ulimi wa asali na kisu mgongoni. Mchezaji analima, anachimba mawe, anatoza kodi bila kuwachosha watu wake, kisha anamwendea Nyoka na kumbomolea kuta zake. Sidai kwamba waliobuni mchezo huo walimfikiria Saint-Pol. Nasema tu kwamba tukitaka kujua kabaila mwenye hila alifanyaje kazi zake katika maisha halisi, na kwa nini, ni vigumu kumpata wa kutufundisha zaidi yake.

Katika mchezo, Nyoka ni mwovu kwa sababu ameumbwa hivyo. Uhaini wa Saint-Pol ulikuwa na anwani. Ulitoka kwenye ardhi aliyoikalia.

Tazama ramani ya kaskazini mwa Ufaransa ya karne ya 15. Kusini yuko mfalme. Kaskazini, kuanzia Artois na Flanders hadi Uholanzi ya leo, yuko Duke wa Burgundy, ambaye kwa cheo ni mtumishi wa mfalme lakini kwa mali na majeshi ni mfalme mwingine. Katikati kuna mto Somme na miji yake, Saint-Quentin ikiwemo. Mwaka 1435, kwa mkataba wa Arras, miji hiyo iliwekwa rehani kwa Burgundy kwa sarafu za dhahabu 400,000. Mfalme Louis wa 11 aliikomboa mwaka 1463, akaipoteza tena miaka miwili baadaye. Kila upande uliona kwamba asiye na Somme hana mlango wa nyumba yake.

Saint-Pol alikuwa amekaa juu ya mlango huo. Saint-Pol yenyewe na Enghien zilikuwa chini ya Burgundy. Brienne ilikuwa chini ya mfalme. Ham na Bohain zilikuwa mpakani kabisa. Mtu mwenye mashamba pande zote mbili alikuwa na mabwana wawili kwa mujibu wa sheria ya ukabaila, na kila mmoja alidai utii wake wote. Jambo hili husahaulika pindi anapoitwa kigeugeu. Hata kama angetaka kuwa mwaminifu, ilimbidi kwanza aulizwe: mwaminifu kwa nani?

Alianza upande wa Burgundy. Mwaka 1465 makabaila wakubwa wa Ufaransa waliungana dhidi ya mfalme, na tarehe 16 Julai mwaka huo, katika mapigano ya Montlhéry, Saint-Pol ndiye aliyeongoza kikosi cha mbele cha Burgundy. Mfalme alishindwa kuuvunja umoja huo kwa upanga, akauvunja kwa zawadi. Saint-Pol akapewa ukuu wa majeshi ya Ufaransa, na mwaka uliofuata akaozwa Marie wa Savoy, mdogo wake malkia. Mtu aliyekuwa akipigana na mfalme mwezi Julai, mwezi Oktoba alikuwa jemadari wake mkuu.

Mfalme alidhani amemnunua mtu. Alichofanya ni kumpa mtu huyo jeshi. Mwandishi Philippe de Commynes, ambaye kumbukumbu zake ndizo chimbuko la mengi tunayoyajua, anaeleza kwamba Saint-Pol alikuwa na askari wa farasi 400 wanaolipwa na hazina ya mfalme, na kwamba alitoza ushuru wa sarafu ya dhahabu kwa kila pipa la divai lililopita katika mipaka yake kwenda Flanders na Hainaut. Palipokuwa na vita, au tishio la vita, fedha na askari vilimiminika kwake. Palipokuwa na amani, mfalme angeuliza kwa nini anawalipa askari wale wote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hapo ndipo ilipo siri ya mbinu yake. Kwa mfalme alipeleka habari kwamba duke anajiandaa kushambulia. Kwa duke alipeleka ujumbe kwamba miji ya mfalme iko tayari kuasi, anangojewa yeye tu. Kwanza aliiteka Saint-Quentin kwa niaba ya mfalme. Mwishoni mwa 1473 akaingia tena mjini humo, akawatoa watu wa mfalme na kuishika kwa ajili yake mwenyewe. Na huko Ham alijenga mnara ambao Ulaya ya wakati ule haikuwa na mingi ya kuufananisha nao: kimo chake kama mita 33, upana wake vivyo hivyo, kuta zenye unene wa mita 11 hivi. Huo ulijengwa na mtu aliyejua kwamba enzi ya mizinga imefika, na kwamba siku moja mizinga hiyo ingemwelekea yeye.

Mwaka 1474 nusura mambo yaishie hapo. Wajumbe wa mfalme na wa duke walikutana Bouvignes na kukubaliana kwamba Saint-Pol atangazwe adui wa wote wawili. Atakayemkamata kwanza amuue ndani ya siku nane, au amkabidhi kwa mwenzake. Mmoja wa wajumbe wa Burgundy alikuwa bwana wa Humbercourt, ambaye Saint-Pol aliwahi kumwita mwongo hadharani katika kikao cha Roye. Humbercourt hakujibu tusi lile kwa tusi. Alilihifadhi. Saint-Pol alipata fununu ya mkataba wa Bouvignes, akamtumia mfalme salamu za haraka, na mfalme akaona heri kuahirisha.

Ndipo wakakutana, mfalme na jemadari wake, karibu na La Fère, kwenye daraja lililowekwa kizuizi imara katikati. Saint-Pol alikuja na askari wake wa farasi, akiwa amevaa vazi la chuma chini ya joho lake. Mfalme akaongea naye kama mtu aongeavyo na mtawala wa nchi nyingine, kizuizi kikiwa kati yao. Walipatana, Saint-Pol akavuka upande wa pili, na mfalme akasamehe. Commynes anaona kwamba siku ile ndiyo iliyomhukumu kifo. Nakubaliana naye. Mfalme angeweza kuvumilia kuibiwa mji. Mtumishi kumlazimisha mfalme wake asimame nyuma ya boriti, watu wakitazama, hilo lilikuwa deni la damu.

Kilichomwangusha ni mwaka uliofuata. Julai 1475, Edward wa 4 wa Uingereza alivuka bahari hadi Calais na jeshi la zaidi ya watu 10,000, akiwa ameahidiana na Charles, Duke wa Burgundy, kuigawana Ufaransa. Mke wa Edward, Elizabeth Woodville, alikuwa binti wa Jacquetta wa Luxembourg, dada yake Saint-Pol. Mjomba akatuma ahadi: Saint-Quentin ingefunguliwa. Waingereza wakaenda wakitarajia kengele za makaribisho. Walipokaribia, mizinga ya mjini ikafyatuliwa na askari wakatoka malangoni kuwashambulia. Wachache walikufa, wengine wakarudi kambini wakimlaani Saint-Pol kwa kila jina. Kwa kusitasita kwake siku ile moja alikuwa amempoteza mfalme wa Uingereza, amemwaibisha duke aliyekuwa amemdhamini, na wala hakuwa amemridhisha mfalme wake.

Louis wa 11 aliona nafasi. Badala ya kupigana na Edward, alimlipa. Tarehe 29 Agosti wafalme hao wawili walikutana kwenye daraja la Picquigny na kupatana: sarafu za dhahabu 75,000 papo hapo na 50,000 kila mwaka, Edward arudi kwao. Pamoja na mkataba, Edward alimkabidhi mwenzake barua alizoandikiwa na Saint-Pol.

Siku hizo za mazungumzo ndipo ulipofanyika mchezo ambao kila ninapousoma naona jinsi mfalme yule alivyomzidi jemadari wake kwa mbali. Saint-Pol alimtumia mfalme wajumbe wawili kujipendekeza. Mfalme alikuwa na mateka kutoka Burgundy, bwana wa Contay, mtu wa karibu na duke. Akamficha nyuma ya pazia pamoja na Commynes, kisha akaketi kwenye kigoda karibu na pazia hilo. Mmoja wa wajumbe, akitaka kumfurahisha, akaanza kumwigiza duke: namna anavyopiga miguu chini kwa hasira, anavyoapa, anavyomtukana mfalme wa Uingereza. Louis akacheka sana. Akasema masikio yake yameanza kuwa mazito, arudie kwa sauti. Mjumbe akarudia kwa moyo wote. Nyuma ya pazia, Contay alisikia kila neno, na haukupita muda akapanda farasi kwenda kumweleza bwana wake.

Kuanzia hapo kuta zile nene hazikuwa na maana. Kabaila wa Ham alikuwa salama kwa muda wote ambao wakubwa watatu walihofiana kuliko walivyomchukia yeye. Mwezi Agosti wawili walipatana. Tarehe 13 Septemba, huko Soleuvre, mfalme na duke nao wakapatana, na bei ya mapatano ikawa Saint-Pol: duke amtoe, apewe Saint-Quentin, Ham, Bohain na mali zake.

Mfalme alimwandikia jemadari wake barua akisema ana shughuli nyingi na anahitaji kichwa kama chake. Kisha akawaeleza waliokuwapo kwamba anahitaji kichwa tu; kiwiliwili kibaki huko huko.

Saint-Pol angeweza kujifungia Ham. Hakufanya hivyo, na sababu ni ya kusikitisha: wale askari 400 walikuwa wanalipwa na mfalme, naye hakujua ni wangapi wangebaki naye mfalme akifika ukutani. Alikimbilia Mons, katika nchi ya duke, mkononi akiwa na hati ya usalama iliyotolewa na duke mwenyewe. Duke alikuwa ameizingira Nancy. Alitamani kuivunja ahadi aliyompa mfalme, lakini alimhitaji mfalme akae kimya mpaka Nancy ianguke. Akaamuru Saint-Pol akabidhiwe tarehe 24 Novemba ikiwa hakuna habari nyingine. Waliopewa kazi hiyo walikuwa kansela Hugonet na Humbercourt, yule wa Roye. Walimkabidhi bila kuchelewa hata dakika. Commynes anasema amri ya kusitisha ilifika saa tatu baada ya kukabidhiwa. Siku sita baadaye Nancy ikaanguka.

Hapa naomba msomaji apime. Saint-Pol alidanganya watu kwa miaka kumi. Lakini mtu aliyempa mkimbizi hati yenye muhuri wake, kisha akamuuza kwa ajili ya mji, ni duke, ambaye vizazi vilivyofuata vilimwita Charles Jasiri. Naye Commynes, hakimu wetu katika kesi hii yote, alikuwa mtumishi wa Charles mpaka usiku mmoja wa Agosti 1472 alipotoroka kambini na kuhamia kwa Louis, akapewa mashamba na cheo. Hilo halifanyi ushahidi wake kuwa uongo. Linaonyesha kwamba wote walicheza mchezo mmoja, na kwamba aliyeitwa nyoka ni yule aliyeshindwa.

Kesi katika mahakama kuu ya Paris ilichukua wiki chache tu. Barua zilisomwa, mshtakiwa akakiri mengi, hukumu na utekelezaji vikafanyika siku moja. Charles alipata miji aliyoahidiwa. Mwanawe Saint-Pol, Jean, aliendelea kumtumikia duke aliyemuuza baba yake, akauawa katika vita vya Morat mwezi Juni 1476. Duke mwenyewe aliuawa nje ya kuta za Nancy tarehe 5 Januari 1477, na miezi mitatu baadaye watu wa mji wa Ghent, waliokuwa wameuchoka utawala wa Burgundy, waliwakata vichwa Hugonet na Humbercourt.

Mnara wa Ham ulidumu zaidi. Katika karne ya 19 ngome yake ilitumika kama gereza la kisiasa, na Louis-Napoléon, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ufaransa, alifungwa humo kuanzia 1840 hadi alipotoroka mwaka 1846 akiwa amevaa nguo za kibarua. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliulipua Machi 1917.

Mali za ukoo zilirudi kwa mjukuu wake, Marie wa Luxembourg, aliyeolewa na François wa Bourbon, bwana wa Vendôme. Kitukuu wa Marie ni Henri wa 4, aliyetawazwa mfalme wa Ufaransa. Kwa upande wa pili wa bahari, mtoto wa yule mpwa wake Elizabeth Woodville alimzaa Henry wa 8 wa Uingereza.