Robo Saa ya Mpakani: Busia, Tororo na Orodha ya Saa za Tarakilishi

Mwalimu wa Kiswahili anapomfundisha mgeni kusoma saa, huanza kwa onyo: kilichoandikwa 7:00 husomwa saa moja. Mjini Busia onyo hilo ni la wageni tu. Kiganda nacho huhesabu vivyo hivyo, saa ya kwanza ya mchana ikifuata macheo, na anayevuka mpaka hana haja ya kugeuza mshale wa saa yake wala hesabu ya kichwani. Makala haya yanahusu mpaka huo huo, ila wakati ambao mshale ulikuwa na neno lake la kusema.

Tuanze na jua. Busia na Tororo ziko karibu na nyuzi 34 mashariki ya Greenwich. Kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo jua lenyewe linaipa Busia saa mbili na dakika kama 16 mbele ya Greenwich. Sisi tunatumia saa tatu kamili, ambazo ni za nyuzi 45, jirani na Mogadishu. Kwa hiyo saa ya ukutani Busia hulitangulia jua kwa dakika 44 hivi, na saa sita mchana ya redio huwa bado adhuhuri ya jua haijafika. Mombasa tofauti hiyo ni dakika 21 tu. Mwanafunzi wa Pwani anayeshangaa kwa nini Busia saa kumi na mbili asubuhi ni giza, jibu lake ni hilo.

Saa tatu hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Gazeti Rasmi la Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, lilitangaza mwaka 1908 saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Usiku wa kuamkia Julai 1, 1928, saa za Kenya zilisogezwa mbele nusu saa zikawa tatu. Januari 1930 zikarudishwa nyuma. Kuanzia 1937 zikawa mbili na dakika 45, na mwanzoni mwa Agosti 1942, vita vikiendelea, zikawa tatu tena. Tangu hapo hazijaguswa. Asomaye anaona kuwa watu wa kizazi kimoja walibadilishiwa saa mara nne ndani ya miaka kumi na minne.

Nimezipata wapi tarehe hizi? Hapa ndipo tarakilishi (au kompyuta, wapenzi wa istilahi wanisamehe) inapoingia. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Arthur David Olson alianza kukusanya orodha ya kanuni za saa duniani: nani yuko saa ngapi kutoka Greenwich, tangu lini, na nani husogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Orodha hiyo, ambayo kwa muda mrefu imesimamiwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndiyo inayoziambia simu nyingi mfukoni mwetu saa ni ngapi. Kila eneo huitwa kwa jina la mji. Busia na Tororo hazimo. Busia ya Kenya husoma Africa/Nairobi, na Busia ya Uganda, pamoja na Tororo, husoma Africa/Kampala.

Kuhusu Afrika, wakusanyaji hawakuwa na vyanzo vingi. Sehemu kubwa ya tarehe za zamani waliitoa katika atlasi ya Thomas Shanks, iliyotungwa kwa ajili ya wanajimu. Tusicheke: mpiga falaki hawezi kusoma nyota ya mtu bila kujua saa aliyozaliwa, kwa hiyo alikusanya saa za miji ambayo wanahistoria hawakuishughulikia. Mwaka 2011 kampuni ya Astrolabe, iliyodai haki za atlasi hiyo, iliwashtaki Olson na Eggert. Kesi iliondolewa mwaka uliofuata, na orodha ikawa imehamia chini ya IANA, shirika linalotunza namba na majina ya intaneti.

Sasa chukua tarakilishi yenye orodha ya mwaka 2010 hivi, uiulize saa za mwaka 1958. Itakuambia Nairobi ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, na Kampala saa tatu kamili. Maana yake, aliyetoka Busia ya Kenya saa nne asubuhi aliingia Busia ya Uganda saa nne na robo, kwa hatua chache za miguu. Orodha hiyo hiyo inadai kwamba kati ya 1940 na 1948 Kenya ndiyo iliyotangulia kwa robo saa.

Mwaka 2020 safu ya Kenya ilisahihishwa kwa kusoma kurasa za Gazeti Rasmi lenyewe, na tarehe nilizozitaja juu zimetoka katika masahihisho hayo. Mwaka 1940 na mwaka 1960 wa wanajimu ulifutwa. Safu ya Kampala haikupata msomaji wa namna hiyo. Ilikuwa imekwisha kuwekwa kando mwaka 2014, katika faili la ziada, kwa sababu kanuni ya orodha ni kutenganisha maeneo ambayo saa zake zimetofautiana baada ya 1970 tu. Jina la Kampala lilibaki, lakini simu inayolitumia husomewa historia ya Nairobi. Ukizilinganisha safu mbili hizo leo, moja ya gazeti la serikali na moja ya wanajimu, pengo la mpakani linakua: robo saa kutoka 1937, nusu saa kutoka 1942 hadi 1948, kisha robo tena hadi 1957.

Mimi siliamini pengo hilo. Reli ilifika Kampala mwaka 1931 ikipita Malaba na Tororo, na nchi zote mbili zilihudumiwa na shirika moja la reli. Nusu saa kati ya Malaba na Tororo ni jambo ambalo mkuu wa stesheni angelipigia kelele kila siku. Lakini kutoamini kwangu si ushahidi. Ushahidi uko katika Gazeti Rasmi la Uganda la miaka hiyo, na katika ratiba za treni zilizochapishwa kwa ajili ya abiria.

Linatuhusu nini sisi wa lugha? Wanafunzi wetu hurekodi wazee wa Busia na Tororo wakisimulia kuzaliwa, misiba, safari za sokoni. Mzee akisema "saa nne" ya mwaka 1945, mnukuzi huandika 10:00 na kuendelea. Nimewaagiza wa mwaka huu waache maneno ya mzee yalivyo, waandike na upande wa mpaka aliokuwa amesimama. Wawili wamekwisha niuliza magazeti ya Uganda ya 1948 yanapatikana katika maktaba gani.