Sindano ya Nyonga

Binti wa shangazi yangu pale Iyula alianza kulegea meno upande mmoja. Shavu likavimba. Shangazi akasema ni jino, jirani akasema karogwa, na kahawa nayo ilikuwa imeiva shambani. Wiki zikapita hivyohivyo. Alipofikishwa hospitali, daktari alimkata kinyama kwenye taya. Kesho yake akamlaza kifudifudi na kumtoboa mfupa wa nyonga kwa sindano nene. Shangazi akaja juu: "Kinachouma ni taya! Nyonga imekosa nini? Mnamnyonya mwanangu uboho?"

Ndugu msomaji, usimcheke. Tumelelewa na hadithi za mumiani, na enzi za mkoloni hata gari la zimamoto lilishukiwa kuwa linabeba damu za watu. Mimi mwenyewe, msomi wa familia eti, nilinyamaza. Jibu nililitafuta baadaye, likanipeleka Kampala.

Mwaka 1957 pale Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mwairishi mwenye jicho moja, aliitwa amwone mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuelewa. Baada ya wiki chache akakutana na mwingine Jinja, taya limevimba, na tumbo pia. Hapo ndipo akashtuka: huenda ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika kuuhusu na kuuita sakoma ya mataya. Miaka miwili baadaye O'Conor na Davies, waliochungulia vinyama hivyo kwa hadubini palepale Kampala, wakaonyesha kwamba ni saratani ya mitoki, ila imejenga nyumba tayani. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka kama maili 10,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali: mtoto wa namna hii mmemwona?

Basi, kama taya ni nyumba moja tu, nyingine ziko wapi? Uboho ni kiwanda cha damu, na saratani ikishaingia humo haitoi taarifa. Mtoto anaweza asisikie maumivu yoyote ya nyonga. Zamani kuuona uboho wa mtu aliye hai kulitaka kupasua mfupa, mpaka Mrusi Arinkin alipoanza kuuvuta kwa sindano kutoka mfupa wa kifua, mwaka 1927. Mwaka 1980 Sharon Murphy wa Marekani akapanga hatua nne za saratani hizi za watoto: uvimbe mmoja ni hatua ya kwanza, ukionekana kwenye uboho, ni ya nne, na dawa zinakuwa nyingine kabisa.

Hata saratani ya mfupa wenyewe, ile aliyoieleza James Ewing mwaka 1921, hupenda kujificha humo. Watoto wake walitobolewa nyonga zote mbili. Siku hizi, penye mashine ya kupiga picha ya mwili mzima, madaktari wengi huiacha sindano hiyo. Sisi wa huku mashine kama hiyo tunaisikia tu.

Majibu ya binti yetu yalitoka: uboho safi.

"Kwa hiyo mlimtoboa bure," shangazi akaguna.

Nikamsomea karatasi: "Ugonjwa uko hatua ya kwanza, shangazi."

Akanitazama. "Hatua ya kwanza ya kwenda wapi?"