Ulaya Ilikotoka

Mkuu wa wilaya na kiazi ulaya ni wa ukoo mmoja. Mzazi wao ni neno la Kiarabu wilaya: mamlaka, kisha eneo lililo chini ya mamlaka hayo. Mwenye kuyashika ni wali, ambaye pwani yetu ilimwita liwali. Tawi moja la ukoo likabaki serikalini. Jingine lilizunguka India, na huko ndiko lilikogeuka sura.

Kwa Kiajemi na Kiurdu vilayat ikawa nchi, na huko India ikawa hasa nchi ya mbali walikotoka watawala. Waingereza walipoishika India, vilayat ikawa kwao. Maji ya soda yakaitwa maji ya vilayat, na nyanya, biringanya ya vilayat. Ng'ambo ya bahari ya majahazi iliyotuunganisha na India, Waswahili nao wakawa na Ulaya yao. Zanzibar ya karne ya 19 iliuza kitambaa chepesi kilichoitwa ulaiti, mbali na merikani, kile kizito kisichopaushwa cha wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts.

Ulaya, basi, haikuanza na ramani. Ilianza na swali: hawa wanatoka wapi? Mama wa Tanga akisema mwanawe yuko Ulaya, nawe unajua kijana yuko Toronto, usimsahihishe. Anaitumia maana ya zamani kuliko ya kwako. (Vijana wamekwepa ubishi huo: wana majuu na mamtoni.) Redio na "Umoja wa Ulaya" ndivyo vilivyolibana neno ndani ya mipaka.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walilichukua. Askari waliokaa India walilitamka Blighty, na katika mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918 Blighty ikawa nyumbani. Jeraha la kumrudisha mtu kwao, bila kumuua, lilibeba jina hilohilo, na wapo walioliombea.

Upande wetu neno lilipanda bara. Waganda wanasema Bulaaya, Wanyarwanda Uburayi. Warundi huita viazi mviringo ibiraya, na aliyezoea viazi ulaya hahitaji mkalimani.

Kiazi chenyewe asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Hiki cha Kariakoo kimeshuka jana na lori kutoka Njombe.