Mapinduzi ya Unguja Katika Mizani ya Haki

Mwalimu mwenzangu, je, umewahi kusahihisha insha inayodai kwamba Mapinduzi ya Unguja yalileta haki, kisha ikatua hapo? Mimi nimezisahihisha nyingi. Nyingine hudai yalileta udhalimu mtupu, nazo hutua papo hapo. Zote huniudhi, kwani mtahiniwa hajapima chochote.

Tuipime serikali ile kwa ahadi zake yenyewe. Baada ya tarehe 12 Januari 1964, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na wakulima wasio na chao wakaanza kugawiwa eka tatu tatu. Elimu nayo ikatangazwa kuwa bila malipo mwaka uo huo. Kwa aliyekuwa skwota katika shamba la mikarafuu la mwinyi, haya hayakuwa maneno matupu. Ndiyo furaha tunayoisikia katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi, na si vyema kuibeza.

Hata hivyo, serikali iyo hiyo ilitoa amri mwaka 1964 kuhusu serikali ya kikatiba na utawala wa sheria, ikaahidi kuitisha baraza la kutunga katiba katika muda wa mwaka mmoja. Ahadi hiyo iliahirishwa. Katiba ilipatikana mwaka 1979, na uchaguzi mwaka 1980! Katika kipindi hicho watu walitiwa kizuizini pasipo kushtakiwa. Rais Abeid Amani Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, walioshtakiwa kwa uhaini walifikishwa mahakamani bila mawakili wa kuwatetea. Mwanasheria Mkuu wa serikali alisimama upande wa mashtaka, na yeye huyo huyo akasimama upande wa utetezi. Nilipolieleza hili darasani, mwanafunzi mmoja alicheka, akidhani nimekosea kusoma.

Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungwa kufuatia mauaji hayo, na Haini (2003) imezaliwa humo. Wasomeshe watahiniwa riwaya hizi mbili pamoja, Kasri ikitangulia. Wasikimbilie kusema mwandishi amekuwa kigeugeu, maana anayemlilia mfungwa hajasema mwinyi arudishiwe shamba.

Swali ninalowapa wangu ni hili: mkulima aliyepewa eka zake tatu, kisha akakamatwa mwaka 1972, angemwendea nani?